Foto Yako Njia Panda ya Soko

Yaya Musafiri, kaka yangu mkubwa,

Wameitoa foto yako. Nakuandikia hilo kwanza, kabla ya salamu, kwa sababu ndilo nililolingoja tangu habari yako itufikie.

Acha niandike yote. Nikinyamaza naumwa kichwa.

Ulipomaliza sekondari ulikaa nyumbani msimu mzima. Asubuhi ulimsaidia mama kubeba mihogo, mchana ulitoka, ukarudi, ukakaa. Mimi niliona ni uvivu. Siku moja nilikwambia mbele ya wageni kwamba mtu mwenye diploma ya sekondari hakai kuchunga kuku. Ulicheka. Leo najua ulikuwa unaogopa. Hukujua uende wapi, na kati yetu sisi wote hakuna aliyekuuliza vizuri.

Halafu ile senta ya vijana ikafunguliwa hapa Kasongo. Walipita makanisani na misikitini wakitangaza: kijana asiyejua aanzie wapi aje, watamsikiliza, watamfundisha kazi, watamtafutia pa kuanzia. Ulivaa shati lako la misa ukaenda. Kwenye kartasi waliuliza unataka kufanya kazi gani, ukaandika ukweli: sijui bado. Uliporudi ulitusimulia jinsi karani wa senta alivyokuangalia na kusema, "Sijui si kazi." Akakuweka kwenye umeme, kwa sababu kwenye useremala nafasi zilikuwa zimejaa. Huko ndiko kusikilizwa kwenyewe.

Umeme, yaya. Miezi sita mlichora waya ubaoni kwa chaki. Ulikuwa unakuja kuniomba redio ya marehemu baba uifungue tu, uone ndani, kwa kuwa huko hawakuwapa hata kipande cha waya mkishike.

Siku ya kufunga mafunzo wageni walikuja na magari. Kila mmoja wenu alipewa mfuko wa vyombo: koleo, bisibisi, kipima umeme. Mkapigwa foto. Wageni walipokwisha kula, mifuko ikakusanywa ikarudi ndani, eti mtagawiwa baada ya kuandikishwa. Mama alikuwa amesafisha pembe moja ya nyumba pa kuweka vyombo vyako. Ulirudi na cheti mkononi, ukamwambia ni wiki ijayo.

Wiki ijayo haikufika. Iliyofika ni ile foto, wakaipandisha njia panda ya soko, kubwa kuliko mlango wetu. Unacheka, mfuko begani. Chini yake waliandika kwamba umepata kazi na maisha yako yamebadilika.

Yalibadilika kweli. Kila mtu akaanza kukuita fundi. Yule mama wa saluni alikuita umtengenezee waya, ukamwambia huna vyombo, akakujibu kwamba vyombo amekwisha kuviona kwenye foto kwa macho yake. Akasambaza kwamba una kiburi. Ukaanza kuzungukia nyuma ya msikiti ili usipite chini ya uso wako mwenyewe.

Ndipo ulipomwambia mama kwamba mfanyabiashara mmoja wa Kabambare amekuita uweke taa dukani kwake. Mama aliimba siku nzima. Mimi nilikufungia chakula cha njiani. Na hapo ninakukasirikia wewe pia. Ungeniambia mimi. Ningelia, ningekutukana, lakini ningejua kwamba uko Wamaza, unashuka shimoni kutafuta dhahabu.

Aliyetuletea habari ni Bahati, mchimbaji mwenzako, yule aliyetoka upande wa Uvira. Alikuja kwa pikipiki, na njia ilipoharibika alitembea kwa mguu katika mvua, kwa sababu hakutaka tuisikie sokoni. Alisema shimo liliporomoka asubuhi. Mlikuwa watatu, mmoja akatoka hai. Walikuzika huko huko, na waliochimba kaburi lako walikuwa Wakristo na Waislamu pamoja. Mama alimsikiliza hadi mwisho bila kulia, akamwekea maji ya kuoga.

Alipokwisha kuoga alifungua kitambaa akatutolea vitu vyako. Taa mbili za kichwani, zile za wachimbaji, moja imetengenezwa, nyingine umeiacha katikati. Vipande vya waya. Alisema kule mlikolala ulikuwa unawatengenezea watu taa na paneli za jua. Hakuna aliyekufundisha, ulikuwa unafungua, unaharibu, unarudia. Hata watu wa mashimo ya mbali walikuwa wameanza kukuletea vyao.

"Alisema mwezi huu angeacha shimo," Bahati akamwambia mama. "Alikuwa amejua sasa kazi yake iko nini."

Mama alimwomba arudie. Akarudia. Hapo ndipo mama alipolia.

Neno hilo limenichoma kuliko yote. Ulihitaji vyombo na muda tu, basi. Vyombo vilikuwa vimefungiwa hapa mjini, mwendo wa dakika chache kutoka kitandani kwako.

Kesho yake nilikwenda senta. Mkubwa wao alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanipa pole. Nikamwomba aiteremshe foto. Akaniambia kwa upole kwamba wewe ni mfano kwa vijana wengine.

Nikamwambia, "Amekufa shimoni. Andikeni hivyo chini yake."

Kisha, yaya, alivuta droo ya meza akanitolea kartasi mpya, akasema kundi lingine linaanza, nami ni kijana, nijaze. Niliiacha mezani nikatoka, kwa maana niliogopa mikono yangu itakachofanya.

Asubuhi iliyofuata mama alichukua mkeka wake tukaenda kukaa chini ya foto. Hatukupiga kelele. Kila aliyepita na kusalimia, mama alimwambia jina lako, ulikofia na ulichofuata huko. Siku ya pili wenzako wa mafunzo walikuja kukaa nasi, mmoja mmoja, wakiona haya kwanza. Yule mama wa saluni naye alikuja. Alikaa mkekani, karibu na mama. Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, walileta ngazi wakaiteremsha. Wenzako wakawafuata hadi senta, wakasimama mbele ya stoo mpaka ikafunguliwa. Mifuko ilikuwa mle. Mingine ilikuwa mitupu, na hakuna aliyeeleza. Iliyobaki waligawana, wawili wawili kwa mfuko mmoja.

Watu wanasema tumeshinda. Sioni tulichoshinda. Wangefungua stoo ile siku ya kwanza ungekuwa hapa, unanisumbua na redio ya baba.

Mimi nimeanza kujifunza kwa Mzee Kalonda, yule anayetengeneza paneli karibu na soko la samaki. Siku ya kwanza alinitia koleo mkononi kabla hajaniuliza jina. Nikimwambia sijui, ananionyesha tena. Sijui kama ndiyo kazi nitakayozeeka nayo. Bado naangalia, na safari hii mama ananiuliza kila jioni nimeona nini.

Njia ikikauka tutakuja Wamaza, mimi na mama. Bahati atatuonyesha mahali. Nakuahidi hutabaki na kijiti tu juu ya kaburi lako. Usitegemee nikuambie kwamba nimewasamehe, sijafika huko. Nitakuja na simenti.

Lala, yaya wangu.

Mdogo wako,
Zawadi