Unga wa Elina

Mwanangu Tatu,

Nimekwenda shamba la kijiji. Maharage yako jikoni, kuni bado mbichi. ~~Ule unga alioacha Elina, mtaalamu wa lishe, umwage.~~ Usiumwage kwanza.

Asubuhi ulipokwenda kisimani alikuja tena. Akampima Rehani, akasema mjukuu wangu hajarogwa, amepungukiwa chakula cha kujenga mwili: karanga, maharage, mayai. Mayai kwa mtoto! Nikamwuliza, "Wako unawapa?" Akajibu, "Sijazaa, bibi." Sasa anatufundisha kulea kwa lipi? Na unga anautoa bure kwa nini?

Nikamwambia apike uji, aanze kunywa yeye. Akanywa huku nikimtazama kooni. Nami nikanywa. Kisha Rehani akanywa, akalamba bakuli, akalia kwa sababu umekwisha. Tatu, tangu masika mtoto yule tunamlisha kwa kumshika mikono.

Binti yule bado simwamini. Mchana mpikie Rehani, ila onja wewe kwanza. Yai usimpe mpaka nirudi. Nataka nimwone akilila kwa macho yangu.

Bibi yake Rehani