Nafasi ya Marehemu kwenye Endara

Mjukuu wangu Biira,

Nakusalimu kutoka Bwera. Sisi tuko salama. Mama yako bado anauza maharage Muhokya, na mvua imekubali. Unauliza kwa nini mwenzako kazini hajifunzi wala haogopi, na wewe unayejifunza unatetemeka.

Nilipokuwa kijana, mzee aliyenifundisha endara alifariki. Unaijua endara, ngoma yetu ya mbao: mbao ndefu juu ya mashina ya migomba, wapigaji wanakaa bega kwa bega. Kwenye matanga ndugu yangu Muhindo, ambaye hakuwahi kujifunza, aliketi mahali pa marehemu akicheka. Akapiga kwa nguvu. Tuliona fimbo zikigonga mbao, lakini sauti haikutoka. Ukungu wa mlimani ukashuka mpaka uani.

Mjane wa mzee akaninyooshea kidole. "Wewe, kuja. Keti."

Nilikuwa nimepiga na mzee kila alfajiri kabla ya shamba, miaka mingi. Hata hivyo mikono ilitetemeka. Nikainua fimbo. Kabla sijazishusha, mbao zikalia wimbo wetu wa alfajiri.

Tetemeka tu, mjukuu wangu, ila ukae. Muhindo hakuogopa kwa sababu aliona nafasi tupu. Mimi nilijua ni ya nani.

Babu yako,
Bwambale