Alternateur Mbili za Maman Kavugho

Lundi, tarehe 5 mwezi wa tano
Tena gari ya Maman Kavugho hapa garage yangu. Batri imekufa, mara ya tatu tangu Pasaka. Niliiamusha na batri yangu, moteur ya gari ikashika. Nikapima kama baba alitufundisha: moteur inatembea, unatoa kamba moja ya batri. Gari ikiendelea, alternateur, ile inatia batri umeme, iko muzima. Ikizimika, imekufa. Ilizimika. Na ile alternateur niliitia mwezi jana tu, nikaipima vile vile! Pièces za sasa, spea zote, bure kabisa.

Maman hapana alikasirika. Alisema tu: "Mumbere, mie natoka Alimbongo na maharagi, napita Maboya mupaka Beni, bamama sita ndani ya gari. Ile njia haina mahali ya kuzimikia." Najua. Kilima, na watu ya bunduki mu pori, nani hapa Butembo hajue?

Mercredi 7
Nimetia alternateur ingine. Nikatoa tena kamba ya batri, kwa kuhakikisha. Moteur iliendelea. Muzuri. Mais lakini kisha pale, taa nyekundu ya batri ikaanza kuonekana kidogo kidogo. Nilimwambia Maman itaisha yenyewe. Nilisema tu.

Samedi 10
Imezimika. Mu kilima, nyuma ya Maboya, na maharagi yote. Maaskari ya barrière, wenye kufunga njia, walisukuma, wapi. Maman akamupigia simu Kambale, ndogo yangu, mwenye garage kule Bungulu, Beni. Alikuja na pikipiki, batri kwa magoti. Akamufikisha Beni. Gari imebakia kwake.

Wivu. Niandike vile iko. Mie ni Mumbere, mutoto mwanaume wa kwanza. Yeye Kambale, wa pili. Kwetu jina inasema yote, mutu hapana anauliza nani alitangulia. Na sasa client yangu, mwenye analeta gari kwangu tangu miaka kumi na moja, analala kwa ndogo yangu na gari yake. Sikukula.

Dimanche 11
Misa. Padri alihubiri nini, sijui. Muke yangu Katungu anasema Kambale ameleta machine ya kupima gari kutoka Kampala, inaonyesha manamba. Alisema mara mbili. Nilimuuliza kama anataka kuolewa na ile machine. Akacheka mupaka akakaa chini. Mie hapana.

Wakati ya komunyo niliomba Mungu Kambale ashindwe. Ni mubaya. Niliomba tu.

Mardi 13
Kambale hapana alishindwa. Maman amerudi, gari inaitika mara moja. Kumbe ni kamba ya masse, ile inafunga moteur na mwili ya gari. Ilioza na kutu pale chini, mahali mie sikuinama. Alternateur pia alibadilisha. Alimwambia Maman ile ya kwangu ilitoka mubaya ku fabrique, kule banaitengeneza. "Yaya, mukubwa yangu, alifanya kazi yake muzuri, ni bauzaji balimudanganya." Maneno yake ile.

Maman akasema: donc, basi, nabakia kwako. Nilicheka. Nikasema eeh, pièces za sasa. Niko na client yangu. Mais siamini ile maneno ya bauzaji, kesho naenda Beni.

Mercredi 14
Nimeenda Beni. Nilitaka kumukamata na bongo yake, ile uongo ya bauzaji. Kambale alisimama, akanipa kiti yake, yeye akakaa juu ya pneu, tairi ya zamani. Alternateur yangu iko juu ya meza, ameifungua, ndani nyeusi. Nikamuuliza sawa mukubwa: nini iliichoma?

Aliangalia viatu yake. "Yaya, kutoa kamba ya batri na moteur inatembea... ni ile. Courant ya umeme inakosa njia, inachoma bya ndani."

"Baba alifanya vile."

"Ndiyo, yaya. Na gari za wakati ya baba, hapana za sasa."

Donc ni mie. Ya mwezi jana na ya juzi, niliziua na mukono yangu, kwa kuhakikisha. Na yeye alinifunika mbele ya Maman. Nilitaka kumupiga. Kazi alinishinda, sasa hata roho muzuri anishinde? Sikunywa chai yake.

Vendredi 16
Maman alipita kubadilisha mafuta ya moteur. Nilimaliza, nikafunga capot juu ya moteur, nikamwambia. Ni mie nilichoma alternateur zote mbili. Kambale alinitetea.

Akasema: "Najua. Ule ndogo yako hajue kusema bongo, alitoka jasho. Nilikuwa nangojea weye."

Nilifikiri basi, ataninyosha kidogo kisha atabakia. Akavuta kikwembe yake vizuri. "Wasingya, aksanti, Mumbere. Mais mie napita Maboya, hapana nabakia kwako tena." Akaingia mu gari. Iko na haki. Miaka kumi na moja.

Samedi 17
Mvua tangu asubui. Garage hapana mutu. Katungu anapita pale na pale.

Nimemupigia Kambale. Wivu iko, haijaenda popote. Nikamwambia: gari ya Maman, gurudumu ya nyuma ya kushoto, frein, breki yake, inachelewa kushika. Nilisikia jana wakati alikuwa anatoka, nikanyamaza juu ya hasira. Maman amelala Beni, leo anarudi na kilima yote iko mbele yake.

Akaniuliza kama namupa gari ya Maman na kazi yake yote. Nikasema ndiyo. Akasema: "Aksanti, yaya, nitaangalia leo."

Nikamwambia hapana leo. Sasa, kabla hajapakia mizigo.

Nikasikia mu simu kiti inasukumwa, Kambale anasimama.