Picha ile mwavuli iliharibu

Mujukuu wangu Aline,

Jambo sana kutoka hapa Bukavu. Tuko muzima. Mvua imerudi, mama yako amepanda maharagi, na goti yangu inalalamika tu wakati wa kupanda mulima ya kanisa.

Unaniuliza: telefone yako imejaa picha za safari, ufute zipi?

Wakati nilikuwa kijana, nilikuwa na apareyi ya kupiga picha, ile ya filme. Kila musimu nilishuka Luvungi kupiga picha ya shamba moja ya mupunga: kiangazi udongo imepasuka, masika yote iko kijani. Nyanya yako alikuwa ananisindikiza. Siku moja mvua ikatukuta pale shambani. Akafungua mwavuli, akaishika juu ya apareyi, yeye mwenyewe akalowana. Picha ilipotoka, mwavuli ilikuwa imefunika nusu ya mbingu. Nikakasirika:

"Umeniharibia picha!"

"Lakini apareyi haikulowana, si ndiyo?" akacheka, akaiweka ile picha mu Biblia yake.

Tangu tumuzike, nimefungua album zote. Nimeona ziwa, milima, jua, mvua. Yeye hayuko hata mu moja, sababu siku zote alikuwa nyuma yangu, amenibebea saki, ule mufuko ya apareyi. Juzi nikafungua Biblia. Ile picha iko mule, na kando ya mwavuli vidole vyake vinaonekana.

Basi mutoto wangu, zile nzuri ufute vile unapenda. Zile ziliharibika, unitumie kwanza niangalie.

Babu yako