Cherehani cha Nne Kiko Chumbani kwa Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana kaburi nimelichimba mwenyewe na jembe bado ninalo mkononi. Mimi ni fundi, nashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, nilikuwa na vyerehani vitatu na amani yangu, kazi ikazidi nikanunua cha nne, kumbe halmashauri inasema vitatu ni fundi, vinne ni kiwanda, na kiwanda kina leseni yake, kodi yake, mtungi wa kuzimia moto na mlango wa dharura, na chumba changu kina mlango mmoja na kuta tatu za majirani, sasa huo mlango nitoboe kwa nani? Basi nikakihamishia chumbani kwa mama mkwe, mkaguzi wa halmashauri akibisha tunakifunika shuka, mama anajitupa kitandani anakohoa, mkaguzi anaona haya kuingia. Tukaona mambo si haba, tukaongeza na cha tano.

Shida ni kwamba mama kazi imemkolea. Siku hizi hakohoi tu, anaaga. Juzi alijikokota hadi mlangoni, akamshika mkaguzi mkono akamuusia wajukuu. Mkaguzi ana huruma, akaenda kuandika ripoti, na jana nimeletewa barua kwamba nifunge ndani ya siku saba kwa sababu sare za watoto zinashonwa penye mgonjwa wa kifua. Nikisema mama ni mzima, wataniuliza alikuwa anaficha nini. Nikinyamaza nafungiwa, na wanawake wanne ninaoshona nao wanarudi nyumbani mikono mitupu. Mume wangu anasema tuseme amepona kwa maombi. Mama mwenyewe anasema bora afe kabisa tumalize.

Fundi wa Vyerehani Vitatu

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole. Nimecheka kwanza ndipo nikasema pole, unisamehe.

Sheria hiyo ni ya ovyo. Kila siku mnahimizwa mjiajiri, wewe umejiajiri ukaajiri na wanne, halafu kwa cherehani kimoja tu cha ziada unatwishwa mzigo wa mwenye mashine mia nne. Nani atakua hivyo? Kodi ingekuwa nafuu na masharti ya kiasi, ungelipa bila kusukumwa, na halmashauri ingepata zaidi ya kikohozi cha mkweo.

Ila na wewe, njia ya mwongo ni fupi. Halafu mtungi wa kuzimia moto si uonevu, fundi. Chumba kimejaa vitambaa na mlango mmoja, watu watano ndani. Nunua leo.

Kesho asubuhi nenda ofisini na mama mkwe akitembea kwa miguu yake, na umwambie asiongee. Mwombe mkaguzi radhi, sema vyerehani ni vitano, omba muda wa leseni. Utalipa faini, ilipe. Kisha wakusanye mafundi wa mtaa mzima, maana sidhani kama shuka la kufichia vyerehani ni la mkweo peke yake. Andikeni barua moja kwa diwani, kila mtu ataje idadi yake ya kweli, mdai kiwanda kianzie vyerehani kumi na kodi ifuate mapato.

Najua mtaogopa. Lakini kwenye mafaili ya halmashauri, mtaa wenu una mafundi wa vyerehani vitatu vitatu, wote wameridhika. Watawabadilishia sheria kwa malalamiko ya nani?