Gemu Iliyoanikwa Juani

Jumatatu, 11 Januari 1999

Ramadhani hii nimefunga tumbo tu, mdomo umekataa. Asubuhi nimemtukana muuza maji, mchana binti yangu Safaa, na fundi wangu Boaz mara mbili — yeye hafungi, ana nguvu za kuvumilia.

Chanzo ni Muriithi. Bingwa wetu! Alishinda mashindano ya Desemba tukamwandika. Hapa kwenye chumba changu cha gemu, Majengo, ndiyo desturi: ukishinda, Boaz anaingiza jina lako kwenye kaseti ya gemu ya mpira, na toka siku hiyo unakimbia kwenye televisheni jina likiwa juu ya kichwa chako. Watu wametoka hata Ngoliba kuja kupigania kuandikwa. Boaz anatengeneza gemu, mimi nauza kaseti — Embu, Murang'a, mpaka Machakos. Thika nzima hakuna mwingine.

Na sasa Muriithi ameonekana Ruiru! Kuna msichana anaitwa Ciku, amefungua chumba cha gemu upande wa Mwiki, ana mashine za CD. Muriithi amekaa huko kutwa nzima, mdomo wazi.

Nikamwambia Boaz amtoe kwenye kaseti. La, asimtoe — amfanye golikipa wa timu ya Ngoliba, na kila mpira ukija aruke upande ule mwingine. Boaz akasema kijana alishinda kihalali. Nikamwuliza kama hiki chumba ni chake ama changu. Akakubali. Tatizo hana kompyuta yake, huazima ya chuo cha taipu, nacho hakifunguliwi mpaka katikati ya Februari. Muriithi ana bahati.

Jumamosi, 16 Januari

Nimemtuma Safaa Ruiru akachungulie. Amemaliza form four na hana kazi, basi awe jasusi. Amerudi magharibi macho yanang'aa.

"Mum, wacha tu! Wachezaji wako na uso. Uso kabisa! Wakichoka unawaona wakihema."

Nikamwuliza kama nilimtuma kupeleleza ama kuposwa. Akanuna. Lakini habari nimezitoa zote: Ciku ana viti vya sponji, ana friji ya soda. Watu wa Membley wanaleta watoto kwa gari na kuwangojea nje. Na hizo CD zinakopiwa Nairobi kama kanda za harusi, gemu mpya kila wiki! Boaz wangu hutengeneza gemu moja mwaka mzima, halafu anataka asifiwe mwaka unaofuata.

Ciku alimkaribisha vizuri, akamwuliza ametoka wapi. Safaa akasema Juja. Angalau uongo amerithi. Baba yake, Hassan, uongo ndio ulikuwa kipaji chake — aliniambia anaenda Mombasa kuleta televisheni nyingine, akaleta mke, na hata huyo hakumleta hapa.

Jumanne, 19 Januari — Idi

Sijui niandike nini.

Kila Idi hapa watu husimama mpaka barabarani. Leo nimeamka mapema, nimefagia, nimepanga viti, nimewasha televisheni zote. Pilau sufuria kubwa. Mpaka adhuhuri wamekuja watoto wawili wa jirani, na hao walitaka pilau.

Vijana wote wameenda Ruiru. Wamepita hapa mlangoni na kanzu zao mpya, wananipungia mkono! Mmoja akasema, "Idi njema, Mama Safaa, tutaonana." Tutaonana wapi?

Boaz alikuja na shati jipya la maua kama yeye ndiye mwenye sikukuu. Alitaka leo aonyeshe gemu mpya, ile aliyofanya mwaka mzima. Ligi ya Thika na Ruiru pamoja. Ni nzuri, hapa naandika ukweli. Uwanja wa Ngoliba ni wa kahawia na mchezaji akianguka vumbi linaruka. Uwanja wa Membley una geti na askari, na magari yameegeshwa nyuma ya goli. Akicheka mwenyewe, akaitoa kwenye mkebe wangu wa biskuti na kuiwasha. Mkebe unakaa kwangu kwa sababu chip zilizobeba gemu nilizinunua mimi. Na nakala nyingine hakuna. Disketi zake zote za kazi hiyo Boaz aliziweka juu ya spika ya redio hapa chumbani akisikiliza mpira, sumaku ikazimaliza. Fundi mzima! Majengo wamemcheka Desemba yote. Akasema atakopi upya kutoka kwa chip chuo kikifunguliwa.

Hakuna aliyekuja kuitazama. Akaketi peke yake, pedi moja kila mkono, Ngoliba kushoto, Majengo kulia. Akafunga goli akajipigia kelele. Nilimwonea huruma kidogo halafu nikamkasirikia kwa kunifanya nimwonee huruma.

Ijumaa, 22 Januari

Nimemwambia Boaz basi. Tunauza kaseti zote, tunanunua mashine ya CD. Dunia imehama, sisi tumebaki tunalinda mabanda.

Akaanza hotuba. Eti lensi ya CD haiwezani na vumbi la Thika, itakufa kabla ya Pasaka. Nikamwambia afadhali kufa na lensi kuliko kufa na yeye.

Hapo ningeacha. Sikuacha. Nilimwambia gemu yake ni kibonzo cha nursery, wachezaji wake wana vichwa vya kibuyu, na kwamba miaka yote hii nimemweka kwa huruma. Hiyo ya huruma si kweli. Lakini ndiyo iliyoingia. Nilimwona ikiingia. Akakunja waya wake wa solda taratibu, akasema, "Sawa, Mama Safaa," akaondoka.

Nimekula vizuri leo. Ajabu.

Jumapili, 24 Januari

Boaz yuko Ruiru!

Safaa alienda kumwona rafiki yake, akapitia kwa Ciku — anadhani sijui anakopitia. Amemkuta Boaz ameketi na Ciku, soda mezani, anamchorea kitu kwenye karatasi na Ciku anacheka mpaka anashika meza. Safaa alinisimulia bila ubaya wowote. Anampenda Boaz, ndiye aliyemfundisha kushika solda. Alidhani nitafurahi kwamba mzee ametoka nyumbani.

Kwa hiyo ndivyo. Nimemlisha, nimemnunulia chip, nimemfanya jina lake lijulikane mpaka Embu. Neno moja la hasira, na siku ya pili yuko kwa adui anachora!

Niliumia. Acha niandike, hakuna anayesoma. Hassan alipoondoka sikuumia hivi. Hassan nilimtarajia.

Jumatatu, 25 Januari

Nimefanya.

Chip za Boaz zina kidirisha cha kioo juu, kidogo kama punje ya dengu. Yeye mwenyewe alinionyesha zamani. Gemu imo humo ndani, na jua likipenya kwa hicho kidirisha siku kadhaa linafuta kila kitu, herufi kwa herufi. Ndiyo maana hubandika stika nyeusi juu yake, na hunifokea nikiacha mkebe dirishani.

Nimezibandua stika kwa ukucha, polepole, zisichanike. Chip nimezipanga kwenye kifuniko cha mkebe, vidirisha juu, nikaweka kifuniko juu ya mabati ya bafu. Jua la Januari. Hakuna wingu hata la kuazima.

Aende na karatasi yake kwa Ciku.

Jumatano, 27 Januari

Jua kali! Mbwa wa jirani amelala chini ya mkokoteni, ulimi nje.

Boaz alikuja. Amesimama mlangoni kama mtu anayeomba kura, akasema ya juzi yaishe. Akasema pia kuna kitu anakipika, kikiiva ataniambia. Nilijua anachokipika na nilijua jiko ni la nani.

Nikamkaribisha. Nikampa chai ya tangawizi na mahamri, nikamwongezea sukari bila kuulizwa. Akashukuru mpaka akajikwaa maneno. Alikuwa ameketi mgongo wake ukiangalia ua, na nyuma ya ukuta jua lilikuwa linanifanyia kazi yangu. Sijawahi kumkaribisha mtu kwa roho safi hivi.

Ijumaa, 29 Januari

Mawingu asubuhi. Nimeyaapiza. Saa sita yameondoka.

Safaa ameniuliza naanika nini juu ya bafu, kila saa niko na kiti naangalia. Nikamwambia pilipili. Akasema tangu lini tunaanika pilipili. Nikamwambia tangu leo, na akaoshe vyombo.

Jumatatu, 1 Februari

Nimezitoa. Nimebandika stika zile zile, nimerudisha mkebeni. Boaz akija kuzichukua kuwapelekea wenzake, hayo yatakuwa yake na Ciku.

Akaja jioni. Anahema, kama ametembea kutoka Ruiru kwa miguu.

Amesema hivi, nami naandika alivyosema. Ciku ana shida. Watoto wanazichoka CD upesi, wiki moja wamemaliza, wanataka nyingine. Na wale waliotoka kwangu wanamsumbua: wanataka kuandikwa. CD haiandiki mtu. CD haijui Ngoliba iko wapi. Muriithi mwenyewe amemwambia, huku kuna uso lakini si uso wangu. Basi Boaz akaenda kwake. Akamchorea uwanja wa Membley na askari wa geti — hicho ndicho kilichomchekesha. Wamekubaliana: Ciku alete mashine zake mbili za CD hapa Thika, sisi tupeleke gemu mpya Ruiru, na mashindano yawe ya miji yote miwili. Chumba changu hakifungwi. Kuna pia mzee wa Nairobi anayesambaza kanda na gemu, Ciku atakuja naye Jumamosi kuiona.

"Nimewaambia mimi sina sauti," Boaz akasema. "Gemu ni ya Mama Safaa. Hata ukiiwasha, kitu ya kwanza ni jina yako. Ile siku ya Idi haukuona, kwa vile ulikuwa umeangalia mlango."

Niliuliza jina gani. Akasema: Ligi ya Mama Safaa.

Nikamwambia nina kichwa kinaniuma, aende.

Jumanne, 2 Februari

Nimejaribu, Safaa akiwa sokoni. Nimechomeka, nimewasha.

Rangi moja tu. Kijivu. Nimezima, nimepuliza, nimewasha. Kijivu.

Jua lilifanya kazi yake yote, hata mawingu ya Ijumaa hayakunisaidia. Nimelia, halafu nimejiosha uso na nikaanza kufikiri. Boaz angelia mpaka kesho. Mimi nina mtoto na chumba.

Alhamisi, 4 Februari

Ciku alikuja kupima mahali pa kuweka mashine. Mwembamba, anatafuna Big G, ana heshima kuliko nilivyotaka. "Habari yako, mum. Mahali ni pazuri, kwanza iko karibu na stage ya matatu." Nilitaka kumchukia nikashindwa.

Nikamkalisha. Nikamsifia Boaz sana, mikono ya dhahabu, sijaona mfano wake. Ila vitu vyake haviweki vizuri. Nikamwuliza kama alisikia ile habari ya spika. Hakuwa amesikia! Nikamsimulia yote, na disketi, na mpira redioni. Akacheka sana. Kisha akacheka kidogo. Kisha akauliza, lakini ile gemu mpya iko salama?

"Mungu anajua," nikasema. "Kuishika anaishika yeye."

Safaa alikuwa anafagia. Ufagio ulisimama. Sikumtazama.

Jumamosi, 6 Februari

Wamefika. Naandika huku chumbani nyuma, nimewaambia nabadilisha leso.

Mzee wa Nairobi ana tumbo na saa kubwa, amekaa kwenye kiti changu. Ciku ameleta keki. Muriithi yuko, na vijana wamejaa mpaka barabarani kama Idi za zamani, wamesikia watapigania kuandikwa tena. Boaz amevaa lile shati la maua. Amenawa mikono mara mbili kabla ya kufungua mkebe. Alizigeuza chip kwenye mwanga, akasema stika moja imekaa upande, labda joto, akaisawazisha kwa kidole gumba. Hakusema zaidi. Hakushuku kitu! Mtu gani huyu asiyeweza kushuku?

Ninayo maneno tayari. Boaz, umefanya nini tena? Kwa sauti ya masikitiko, si ya hasira. Ciku ataangalia spika ya redio pale ukutani, na wote wataangalia, na itakuwa imekwisha. Atabaki kucheka na wao, hivyo ndivyo alivyo. Halafu hataandikwa kazi na mtu yeyote kutoka hapa mpaka Nairobi.

Ningeweza pia kutoka na kusema. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo hapa, nimeikata kwa kalamu.

Namsikia anawaambia wageni kwamba yeye haiwashi. Ligi ni ya mwenyewe, mwenyewe aje abonyeze. Wanapiga makofi. "Ma-ma Sa-faa! Ma-ma Sa-faa!" Mzee wa Nairobi naye anapiga meza.

Safaa amekuja mlangoni. Hajaingia. Amesimama ananiangalia mimi na hiki kitabu, uso wake ni wa Hassan siku ile alipoondoka na begi.

"Mama, unangojewa."

Nikasema nakuja.

Akageuka kuwaelekea wao, akapaza sauti ili isikike juu ya makofi: "Anakuja! Anawaletea kwanza zile pilipili alikuwa ameanika juu ya bafu, kwenye kifuniko cha mkebe!"

Watu wanacheka. Makofi yanaendelea. Halafu namsikia Boaz, karibu na televisheni, anauliza pilipili gani.