Ngozi ya Shaba Kwenye Bangili ya Shamsa

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Kokugonza Mutayoba. Umri: miaka 46. Kazi: mpima metali, maabara binafsi, Buswelu. Makazi: Mkolani, Mwanza.

Mnamo tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, Koplo Osward wa polisi aliniletea bangili nipime. Bibi harusi Shamsa alimpa sonara Yahaya Nurdin dhahabu ya marehemu mama yake amfulie bangili hiyo. Ilipokuja na wekundu, akasema kabadilishiwa dhahabu. Mzee Yahaya akawekwa mahabusu.

Mashine yetu hurusha ayoni, chembe ndogo mno zenye umeme, zigonge metali zirudi. Ni kama kupigana kikumbo: ukimvaa mtu mnene unarudi na nguvu zako karibu zote, ukimvaa mwembamba naye anayumba, kaondoka na nguvu zako. Dhahabu ni mnene, shaba ni mwembamba. Kwa nguvu zilizopotea tunajua ayoni zimegonga nini, ila zinasoma ngozi tu, yaani juu juu. Nikaomba nipige msasa kidogo. Koplo akasema, "Kielelezo hakiguswi, mama." Haya. Ayoni zikarudi zimechoka: shaba. Nikaandika hivyo, na kwamba ndani sijapima. Hilo la pili hakuna aliyelisoma, jamani!

Kesho yake nilikuja kituoni mwenyewe, nikamkuta Mzee Yahaya. "Shikamoo mzee. Bangili uliitoa kwenye asidi na nini?"

"Marahaba mwanangu. Koleo la chuma. La shaba lilivunjika, na harusi ndiyo hiyo."

Nilishika kichwa. Asidi ya sonara ya kusafishia inakunywa shaba kidogo ya kila pambo linalotiwa humo. Chuma kikiingia humo, shaba hiyo inaganda juu ya dhahabu. Haraka haraka haina baraka, ndiyo hiyo.

Leo tarehe 13, mbele ya Koplo na kwa ridhaa ya Shamsa, nimepiga msasa sehemu ndogo kama punje ya ufuta. Ayoni zimerudi na nguvu zake. Ni dhahabu. Shamsa amelia sana, anasema, "Nimemfunga mzee aliyemfulia mama pete ya ndoa."

Nami nimeumia. Yule mzee ana sukari na analala sakafuni. Naomba aachiwe leo, si kesho.

Nimeyasema haya kwa hiari yangu, nimesomewa, ndivyo yalivyo.
(Sahihi) K. Mutayoba

Ofisa: Nimeyaandika mimi, Sajini Jovinary. Mlalamikaji amefuta malalamiko na mtuhumiwa ametolewa saa tisa alasiri. Bangili amekabidhiwa mlalamikaji, naye hapo hapo kaunta akampa tena Mzee Yahaya, aende akaitoe ngozi ya shaba, aimalizie.